MGONJWA ASINGOJE KOO LIFUNGE

Katika tiba ya saratani kuna kazi moja isiyohitaji mashine, umeme wala fedha za kigeni, na pengine ndiyo sababu haisikiki sana bajeti zinapojadiliwa. Kazi hiyo ni kumfundisha mgonjwa namna ya kumeza, na kumfundisha mapema, kabla hajaanza kupigwa mionzi ya kichwa na shingo. Leo twapenda kulisemea jambo hili kwa kirefu, kwani linawagusa ndugu zetu wa visiwani kuliko linavyowagusa watu wa mjini, na wenye uwezo wa kulitengeneza ni viongozi wa wilaya na mikoa ambao gazeti hili huwafikia kila asubuhi.

Saratani za kichwa na shingo ni jina la jumla. Humo mna saratani ya ulimi, ya kinywa, ya taya, ya tezi za mate, ya pua na nyuma ya pua, ya koo, na ya zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti ambacho kwa wanaume huonekana kikipanda na kushuka shingoni. Madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando walichapisha mwaka 2015 taarifa ya wagonjwa wa aina hii waliowahudumia, na jambo lililojitokeza wazi ni kwamba walio wengi walifika ugonjwa ukiwa umekwisha pevuka. Kila anayeijua mialo yetu anaweza kueleza sababu. Mtu akianza kukwaruzwa koo huambiwa ana kimeo, akapelekwa kwa mkata kimeo, akakatwa. Miezi mitatu hupita. Kisha huja dawa za mitishamba, kisha dawa za kikohozi za duka la mwaloni, na uvimbe shingoni unazidi kukua. Tumbaku na pombe kali, ambazo katika kambi za wavuvi zimekuwa kama sehemu ya mshahara, ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya maradhi haya. Hayo tumekwisha kuyaandika mara nyingi na bila shaka tutayaandika tena. Leo tunamzungumzia yule ambaye amekwisha fika hospitali.

Zamani mgonjwa huyo hakuwa na njia ila kwenda Dar es Salaam, kwenye hospitali ya Ocean Road, jengo lililofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na ambalo mwaka 1996 lilipewa hadhi ya Taasisi ya Saratani kwa mujibu wa sheria. Kutoka Mwanza hadi huko ni safari ya zaidi ya kilometa 1,100. Wapo waliouza ng'ombe, wapo waliouza mtumbwi na nyavu, na wapo waliopewa barua ya rufaa wakaikunja na kuiweka sandukuni hadi siku ya kufa. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kile kinachotazamana na Igogo, ilipoanza kutoa tiba ya mionzi katika miaka ya 2010, watu wa Kanda ya Ziwa walipunguziwa mzigo mkubwa sana. Jambo hilo linastahili kukumbukwa kwa shukrani.

Lakini umbali ulipopungua, majuma hayakupungua. Mionzi ya kichwa na shingo, inapotolewa kwa nia ya kuponya, kwa kawaida hutolewa siku tano kwa juma, kwa muda wa majuma sita au saba. Mara nyingi ni siku 35 za matibabu. Mtu wa Ukara huvuka kwanza hadi Bugolora, huenda kwa gari hadi Nansio, na kutoka hapo hupanda meli kuja Mwanza. Mtu wa Kome huvuka hadi Nyakaliro na kuendelea kwa basi. Hakuna anayeweza kufanya safari hizo kila siku. Basi hukaa mjini. Na wengi hukaa kwa jamaa zao waliopanga katika vyumba vya Igogo, vile vilivyopandana juu ya mawe hadi karibu na kilele, ambako maji huchotwa chini na kupandishwa kwa kichwa. Wenyeji hao hufanya kazi viwanda vya samaki au bandarini Mwanza Kusini, na hurudi jioni. Mchana kutwa mgonjwa hubaki chumbani pamoja na watoto. Hapo ndipo tiba inaposhinda au inaposhindwa, na hapo hakuna muuguzi.

Tueleze sasa mionzi inafanya nini. Mionzi huua chembe za saratani, na kwa bahati mbaya huunguza pia nyama njema iliyo jirani. Baada ya juma la pili au la tatu mgonjwa hupata vidonda kinywani na kooni. Mate hukauka, au huwa mazito kama gundi. Ladha hupotea, hata chumvi haitambuliki. Kila tonge huuma. Mgonjwa kwa akili yake ya kawaida huamua kulipumzisha koo hadi vidonda vipone, na jamaa wenye huruma humuunga mkono. Wengine humwona anaponyimwa nafuu wakadhani hospitali imemdhuru.

Huruma hiyo ndiyo yenye madhara. Kumeza ni kazi ya misuli. Tangu tonge linapoachiliwa na ulimi hadi linapoingia umioni hupita kama sekunde moja tu, na katika sekunde hiyo jozi zaidi ya ishirini za misuli ya ulimi, koo na shingo hufanya kazi kwa zamu isiyokosewa: kaakaa laini huziba njia ya pua, zoloto hupanda juu na kujificha chini ya mzizi wa ulimi, mlango wa hewa hufungwa, na mlango wa umio hufunguka. Misuli hiyo isipotumiwa hunyong'onyea, kama mguu uliokaa ndani ya plasta. Na kwa mtu aliyepigwa mionzi kuna jambo la pili: nyama iliyoungua hupona kwa kutengeneza kovu, na kovu hukaza. Likikaza wakati misuli imelala, koo hubaki gumu. Ugumu huo waweza kuendelea kuongezeka miezi na hata miaka baada ya mionzi kwisha.

Matokeo yake ni mawili, na yote mawili huua. La kwanza ni njaa. Mtu hukonda akiwa na chakula mbele yake. La pili ni chakula na mate kuingia katika njia ya hewa. Mwenye afya akipaliwa hukohoa. Huyu, kwa kuwa koo lake limepoteza hisia, anaweza kupaliwa bila kukohoa hata kidogo, akapata kichomi leo, akatibiwa, akapata tena mwezi ujao. Nyumbani kisiwani watasema saratani imerudi, na pengine daktari akipima hakuti saratani. Mtu alikwisha pona ugonjwa mkubwa, akafa kwa uji ulioingia mapafuni. Tunaomba viongozi wetu waifikirie hasara hiyo hata kwa hesabu ya fedha tu: majuma saba ya mashine ya gharama kubwa, dawa, vitanda, nauli, kisha yote yapotee kwa kukosa mafunzo ya nusu saa.

Mafunzo yenyewe ni yapi? Katika nchi zenye wataalamu wengi wa usemi na kumeza, mgonjwa hukutanishwa na mtaalamu kabla ya siku ya kwanza ya mionzi. Hupimwa anavyomeza maji, kitu laini na kitu kikavu. Huulizwa uzito wake. Hupimwa kinywa kinavyofunguka; kipimo cha haraka ni vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe vikisimama wima kati ya meno ya juu na ya chini. Kisha hupewa mazoezi ya kufanya mara kadhaa kila siku, kuanzia siku hiyo, wakati koo bado ni zima na anaweza kujifunza bila maumivu.

Mazoezi hayo si siri ya Ulaya. La kwanza ni kumeza mate kwa nguvu zote, kama mtu amezaye tonge kubwa la ugali wa muhogo lisilo na mchuzi. Jingine ni kumeza huku umeweka kidole shingoni, na zoloto likishapanda, ulizuie huko juu kwa sekunde mbili tatu kabla ya kuliachia. Jingine ni kutoa ncha ya ulimi, kuishika kwa meno taratibu, na kumeza mate ukiwa hivyo. Hili hufanywa kwa mate peke yake, kamwe si kwa chakula. Lipo la kulala chali bila mto, ukainua kichwa hadi uone vidole vya miguu huku mabega yakibaki chini. Hili la mwisho haliwafai wenye maradhi ya shingo, wala waliotobolewa koo kwa ajili ya kupumulia, na ndiyo maana tunasisitiza kwamba kila mtu apangiwe mazoezi yake na mhudumu aliyemchunguza. Na taya lipanuliwe kila siku, kwa kuongeza kijiti kimoja kimoja kati ya meno, wasije wakafikia hali ya kutoingiza hata kijiko.

Pamoja na mazoezi, kuna sharti kubwa zaidi nalo ni kuendelea kula kwa mdomo. Wachunguzi wa hospitali ya MD Anderson ya Houston, Marekani, walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa wagonjwa 497 waliopigwa mionzi ya koo. Waliona kwamba walioendelea kula kwa mdomo wakati wa tiba walirudi kwenye chakula cha kawaida vizuri zaidi kuliko wasioendelea, kwamba waliofanya mazoezi walirudi vizuri zaidi kuliko wasiofanya, na waliofanya yote mawili wakawa na hali njema kuwapita wengine. Mwaka mmoja kabla yake, wachunguzi wa Florida waliwagawa wagonjwa 58 katika makundi, na kwa picha za MRI wakaona kuwa misuli ya waliofanya mazoezi ilidhoofika kidogo kuliko ya wenzao.

Uungwana unatutaka tuseme na upande wa pili. Jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima uchunguzi wa wengine, lilitoa tathmini mwaka 2016 likasema ushahidi juu ya mazoezi haya bado hautoshi, kwa sababu majaribio ni machache na madogo. Kuna maofisa ambao wakisikia neno "haujatosha" hufurahi, kwani limewapa ruhusa ya kutofanya lolote. Sisi tunasema hivi: mazoezi hayagharimu kitu, hayana sumu, na kisicho na shaka ni kwamba koo lisilotumiwa huharibika. Mwenye mtumbwi hangoji wataalamu wakubaliane juu ya nguvu ya upepo ndipo afunge kamba.

Kuhusu chakula, twaweza kusema mengi, maana hapa pwani ya Ziwa hatuna upungufu. Uji wa ulezi au wa mtama uliokorogwa na maziwa na mafuta kidogo. Viazi vitamu vilivyopondwa na kulainishwa kwa mchuzi. Ndizi mbivu, parachichi, mtindi, yai la kukorogwa. Sato aliyechemshwa akachambuliwa miba yote kwa mkono, na miba hapa si mzaha, kisha akasagwa katika supu yake. Dagaa waliosagwa unga huweza kutiwa katika uji bila mgonjwa kuhangaika kutafuna. Pilipili, ndimu na vitu vya moto sana viachwe hadi vidonda vipone. Kinywa kisukutuliwe mara nyingi kwa maji ya chumvi kidogo, kwani kinywa kichafu hupeleka vijidudu mapafuni pamoja na mate. Na dawa ya maumivu inywewe kama nusu saa kabla ya chakula. Ikiwa daktari ameandika morfini ya maji, basi ndiyo hiyo, na jamaa wasiifiche kwa kuogopa jina lake. Mtu asiyetulizwa maumivu hatakula, hata umfanyie hotuba ya namna gani.

Jambo moja huwashangaza watu wengi. Kwa mgonjwa ambaye koo lake limelegea, chakula cha hatari kuliko vyote mara nyingi ni maji matupu. Maji hukimbia; hufika kwenye njia ya hewa kabla mlango haujafungwa. Uji mzito huenda polepole na kulipa koo nafasi. Lakini mwenye koo lililokauka na kukaza anaweza kuwa kinyume chake, akashindwa na kizito na kupitisha chepesi. Ndiyo maana mgonjwa apimwe mmoja mmoja, akae wima anapokula, ainamishe kidevu ikiwa ameelekezwa hivyo, na asilale kwa nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikawa ya majimaji baada ya kumeza, au akapata homa isiyoeleweka, arudishwe hospitali. Vivyo hivyo uzito ukishuka kwa asilimia tano katika mwezi mmoja, yaani kilo tatu kwa mtu wa kilo 60. Wakati mwingine daktari ataona lazima kuweka mrija wa kulishia, kupitia puani au tumboni. Mrija huo si hukumu ya kifo wala si ruhusa ya kuacha kumeza. Hata mwenye mrija huendelea kumeza kile kidogo ambacho wataalamu wameona ni salama.

Kwa Waislamu wenzetu, kuna la kuongeza. Mionzi ikiangukia mwezi wa Ramadhani, wapo wagonjwa wanaosisitiza kufunga, na wapo jamaa wanaoona haya kumpikia mtu mchana. Kitabu kitukufu, katika Suratul Baqara, kimempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi ya kula na kuzilipa siku hizo atakapopona, na mgonjwa asiyetarajiwa kupona anayo njia yake ya fidia. Masheikh wa Igogo na wa Nansio wangetusaidia sana kama wangelisema hili mimbarini, kwani neno lao katika jambo hili lina uzito kuliko la daktari. Na wachungaji na mapadre nao wanayo makundi ya maombi ya kufunga ambayo hupokea wagonjwa; wayaangalie.

Tahadhari nyingine. Si kila anayeshindwa kumeza ana ugonjwa tunaouzungumza. Katika Kanda hii, kama ilivyo katika ukanda mzima wa Afrika Mashariki, tunayo saratani ya umio, ambayo huziba njia ya chakula kifuani. Mtu hushindwa ugali, kisha wali, kisha uji, hatimaye hata maji. Huyo hatasaidiwa na kumeza mate kwa nguvu. Huyo anahitaji kupimwa kwa kamera ya tumbo, na mara nyingi kuwekewa mrija wa kutanua ndani ya umio. Mhudumu wa zahanati anapaswa kuzijua habari hizi mbili na kuzitenganisha.

Sasa nani atafundisha? Ukweli ni kwamba wataalamu wa usemi na kumeza katika nchi yetu ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianzisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nacho sasa kinafundisha fani ya usikivu na usemi. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo, tukingoja hadi kila wilaya ipate mhitimu wa shahada, wagonjwa wa leo watakuwa wamekwisha kuzikwa. Bugando ina waganga wa koo, ina wauguzi wa saratani, ina wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa lishe. Hatuandiki haya kuwalaumu. Tunajua wingi wa watu wanaowakabili kila siku. Tunachoomba ni utaratibu uliotiwa saini, wala usitegemee moyo mwema wa muuguzi aliye zamu: kwamba hakuna mgonjwa wa kichwa na shingo atakayelala chini ya mashine siku ya kwanza bila kupimwa kumeza, kupimwa uzito na kufundishwa mazoezi yake pamoja na jamaa mmoja anayelala naye nyumba moja.

Neno "jamaa" tunalitilia mkazo. Mgonjwa wa juma la nne ana maumivu, amechoka, hataki kusikia habari za mazoezi. Anayemkumbusha ni mke, ni binti, ni shemeji wa Igogo. Chama na Serikali viliwahi kutuonyesha kwamba wananchi wa kawaida wanaweza kufundishana mambo ya afya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Vikundi hivyo vilikuwa na redio moja, kitabu kimoja na mwenyekiti aliyejua kusoma. Watu wakachimba vyoo. Leo redio zimejaa, simu zimejaa, na shina la Chama lipo katika kila mtaa wa Igogo. Balozi wa shina anajua nyumba gani ina mgonjwa kutoka visiwani. Hatutaki awe daktari. Tunataka ajue kuuliza: amekula leo? amefanya mazoezi? uzito umepimwa lini? na ajue ni mlango gani wa kugonga jibu likiwa baya.

Baada ya majuma saba mgonjwa hurudi kisiwani, na hapo ndipo kamba inapokatika kabisa. Makovu yanaendelea kukaza, naye amepewa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, ikiwa nauli itapatikana. Kwa hiyo barua ya kumruhusu ielekezwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa mganga wa zahanati yake, na iseme waziwazi anakula nini, anafanya mazoezi gani, uzito wake ni kilo ngapi, na kinywa kinafunguka vidole vingapi. Halmashauri za Ukerewe, Buchosa, Sengerema na zile za Mara, Kagera na Geita zenye visiwa zichague wauguzi wawili wawili waje Bugando kujifunza kazi hii. Hawahitaji kukaa mwaka. Tunaamini majuma machache yatatosha kuwapa yale ya msingi, na kuwapa namba ya simu ya kumwuliza aliyewafundisha.

Kisha liko suala la malazi. Tumekwisha sema wapi wagonjwa wanalala. Wale wasio na jamaa Igogo hulala wapi, kila anayepita nje ya hospitali usiku anaweza kujionea. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaosimamia utekelezaji wake wajiulize iwapo kitita cha mgonjwa wa saratani kinaanza na kwishia mlangoni mwa chumba cha mionzi, au kinahesabu pia chakula laini, mrija wa kulishia na siku za kufundishwa. Nasi tungependa kusikia jibu lao, na tutalichapisha.

Ukerewe ina sababu yake ya pekee ya kulipokea jambo hili. Katika visiwa vile wanaishi ndugu zetu wengi wenye ualbino, ambao wengi wao ni wavuvi na wakulima kama jirani zao, juani kutwa. Taarifa iliyochapishwa na madaktari wa Bugando mwaka 2012, juu ya watu 64 wenye ualbino waliopata saratani ya ngozi, ilionyesha kwamba sehemu iliyoshambuliwa zaidi ni kichwa na shingo. Kofia pana, nguo ndefu na mafuta ya kukinga jua huja kwanza, na haya yanapaswa kufika kila shule ya Ukerewe bila kungoja mfadhili. Lakini yule ambaye kidonda cha shavu kimekwisha ingia ndani, akafanyiwa upasuaji na kupigwa mionzi ya shavu na shingo, taya lake litakaza sawasawa na la mwenye saratani ya koo. Naye apimwe vidole vitatu.

Pa kuanzia papo. Kituo cha afya cha Bwisya, Ukara, kilijengwa kwa sehemu ya fedha za rambirambi za ajali ya kivuko cha MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018. Wananchi wa Ukara wanajua kituo kile kimegharimu nini. Kikipewa mizani ya watu wazima, tochi, pakiti ya vijiti vya kupimia kinywa, muuguzi mmoja aliyefundishwa Bugando, na daftari la wagonjwa waliorudi kutoka kwenye mionzi, kitaweza kuwafuatilia bila mtu kuvuka maji mara mbili ili apimwe uzito. Vitu hivyo vinaweza kuingizwa katika makisio ya Halmashauri yanayoanza tarehe 1 Julai, na diwani yeyote anaweza kuviulizia katika kikao kijacho.